Gari Kubwa la Kutembelea na Namna Linavyonunuliwa

Sedani kubwa ya familia ni gari la kutembelea lenye milango minne, pua ndefu, buti linalojitegemea na, kwa kawaida, injini ya cc 2,000 kwenda juu. Dar es Salaam jamii hii huwakilishwa zaidi na Toyota: Crown, Mark II Grande, Mark X na Brevis. Nissan Fuga nazo zipo, ila fundi akiletewa Fuga huanza kwa kuvuta pumzi na kuuliza kama mwenye gari ana haraka. Magari haya yote yalibuniwa kwa ajili ya bosi wa Kijapani anayekaribia kustaafu, mwenye barabara laini hadi mlangoni na watoto waliokwisha kuhama nyumbani. Anayeyanunua Dar ana barabara nyingine na watoto wengine, tena hawajahama, na mikasa mingi ya gari hili huanzia hapo.

Mnunuzi hunaswa na bei. Kwenye yadi na kwa madalali, Brevis au Crown ya zamani mara nyingi huuzwa kwa fedha pungufu kuliko Toyota IST ya umri uleule, ingawa ukiziegesha pamoja IST huonekana imezaliwa na mwenzake wiki iliyopita. Mgeni wa soko hudhani kaokota dodo. Hakuokota kitu. Japani kodi ya gari ya kila mwaka hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, na upo ukaguzi wa lazima uitwao shaken, gari jipya likifikisha miaka mitatu na baada ya hapo kila miaka miwili, ambao una gharama zake. Mwenye injini ya lita tatu huona heri aliuze mapema. Huku kwetu nako soko linajua jambo ambalo mnunuzi atalijua wiki ya pili: IST ni ghali kwa sababu inakunywa kidogo na spea zake zipo kila kona. Kilichopunguzwa kwenye bei ya Crown hakikupotea. Kinamsubiri mnunuzi kituo cha mafuta, na salio lake lipo Gerezani kwa wauza spea.

Tuanze na kituo cha mafuta. Tangi la Crown ya mwaka 2003 hadi 2008, ile wenyewe wanaiita Zero Crown, huchukua lita 71, na la Mark X ni hivyohivyo. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, kulijaza ni shilingi 213,000. Wanaolijaza ni wachache. Desturi ni kushusha kioo nusu na kusema, kwa sauti ya mtu mwenye mambo mengi, "weka ya ishirini." Ya ishirini haifiki lita saba. Mshale hutikisika kama mzee aliyeitwa usingizini, kisha hurudi kulala. V6 ya lita 2.5 kwenye foleni ya jioni huenda kilomita sita au saba kwa lita moja, kwa hiyo ya ishirini inampeleka mtu wa Mbezi Posta na kumrudisha, akiwa amezima kiyoyozi na kufungua vioo ili majirani wadhani anapenda upepo. Ewura hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Katika nyumba yenye Crown, Jumatano hiyo hukumbukwa kuliko tarehe ya ndoa.

Sedani mpya, ya sifuri kilomita, haihitaji maelezo marefu. Mark X iliacha kutengenezwa Desemba 2019. Crown, iliyoanza mwaka 1955, iligeuzwa mwaka 2022 ikatoka kwanza ikiwa imenyanyuliwa juu, na sedani yenyewe ikafuata mwaka 2023. Mtanzania anayeweza kununua sedani kubwa mpya kwa kawaida ana dereva, na mwenye dereva hana shida ya maelezo haya. Dereva wake ndiye anayeyajua. Waliobaki wote ni watu wa mtumba, nao wana njia mbili: kuagiza Japani au kununua la mkononi.

Mwenye kuagiza huanza kwa kutazama picha usiku, na kosa lake la kwanza ni kuutangazia ukoo bei aliyoiona kwenye tangazo. Bei hiyo ni ya gari likiwa bado ng'ambo. Kwa viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni, hapo huongezwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini iliyozidi cc 2,000, VAT asilimia 18, na adhabu ya uzee: asilimia 15 nyingine gari likiwa na miaka minane hadi kumi, na asilimia 30 likizidi kumi. Kenya wao hukata mzizi kabisa, gari lililozidi miaka minane haliingii. Tanzania huliacha liingie na kulitoza kwa umri wake. Tena TRA hukokotoa kwa thamani iliyomo kwenye orodha yake, hata kama mnunuzi alibembeleza Japani mpaka akapunguziwa. Kikokotoo chao kipo mtandaoni, ni bure, na humaliza mabishano ya familia kwa dakika moja. Wengi hukifungua meli ikiwa imeshang'oa nanga.

Hati ya kuomba kabla ya kulipa ni karatasi ya mnada. Imeandikwa Kijapani, lakini sehemu muhimu haihitaji mkalimani. Juu pembeni kuna alama ya jumla: 4.5 au 4 ni gari zuri, 3.5 lina historia inayovumilika, na R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari lililolazwa bapa, limejaa herufi. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali paliponyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa, na tarakimu inayofuata huonyesha ukubwa wa jeraha. Karatasi hiyohiyo huandika kilomita gari lilipofika mnadani. Ikiwa inasema 148,000 na dashibodi iliyopo yadi inasema 61,000, gari hilo limetembea kinyumenyume kutoka Japani.

Gari likitoka bandarini, familia hukutana na mwanamke asiyeonekana. Kila switchi inapofunguliwa, huzungumza Kijapani kwa adabu kubwa. Anachosema ni kwamba kadi ya kulipia barabara za Japani haijachomekwa, lakini kabla ya kuambiwa hivyo watu hutoa tafsiri zao. Bibi hudhani anasalimiwa na humjibu, kila safari. Watoto humkariri neno kwa neno ndani ya wiki, kasi ambayo jedwali la kuzidisha halijawahi kuipata. Skrini nayo huonyesha ramani ya Japani hata gari likiwa Buguruni sokoni, na redio, iliyotengenezwa kwa masafa ya Kijapani ya 76 hadi 90, haishiki stesheni yoyote iliyo juu ya hapo mpaka ifungwe kifaa cha kuongeza bendi. Hakuna kati ya haya kinachozuia gari kutembea. Yatajwe tu mapema, kwa sababu wapo mashemeji waliokwisha kurudisha gari yadi wakidai lina jini.

La mkononi husifiwa kwa herufi ya namba yake. Namba D au E huinua bei na kidevu cha mwenye gari, namba B huelezwa kuwa "imetunzwa." Kwa hakika herufi huonyesha tu lini gari lilisajiliwa Tanzania. Crown ya mwaka 2004 iliyofika juzi ina namba changa na magoti ya kizee. Dalali hatalisema hilo. Atasema gari lilikuwa la mama mmoja mtumishi, likienda ofisini na kanisani basi. Kwa idadi ya Mark X zilizokuwa za mama huyo, serikali ingekuwa haina mwanamume hata mmoja. Atasema injini haijawahi kufunguliwa, hata kelele halina, ni kuwasha na kuondoka, na maongezi yapo. Maongezi yapo kweli, ila yanaishia kwenye cha juu chake, ambacho hakiguswi.

Ukaguzi hufanywa na kamati. Hukosi fundi, shemeji, na mtu wa tatu ambaye sifa yake ni kuwahi kuendesha Brevis ya watu. Shemeji hupiga teke tairi, kitendo ambacho hakijawahi kugundua kitu tangu tairi zianze kujazwa upepo. Mtu wa tatu hukaa kiti cha dereva na kukirudisha nyuma. Kazi yote ni ya fundi, na fundi mzuri hutambulikana kwa kufika kabla ya saa ya miadi, kwani dalali mzoefu huliwasha gari mapema ili injini ipate moto na kelele za asubuhi ziishe. Akilikuta bonneti la vuguvugu, aombe waje kesho. Injini ikiwa baridi, aiwashe, afungue kifuniko cha oili na kuweka kiganja juu ya tundu. Moshi unaopiga kwa mapigo ni habari mbaya. Azime redio ambayo dalali ameiwasha kwa ukarimu. Anyanyue zulia la buti atafute kutu na tope lililokauka, maana mvua za Jangwani zimeshazamisha magari mengi ambayo leo yanaitwa safi.

Kisha atazame taa ya injini. Switchi ikifunguliwa kabla ya kuwasha, taa hiyo lazima iwake, halafu izime injini ikishanguruma. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu, na bei ina nafasi ya kushuka. Isipowaka kabisa, kuna hitilafu na kuna mtu aliyeing'oa. Brevis waiangalie zaidi, kwani injini zake mbili, 1JZ-FSE na 2JZ-FSE, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya msukumo mkubwa. Pampu hiyo haipendi mafuta machafu, na fundi anayeielewa sawasawa yupo mmoja, kila mtu anamjua, na simu yake haipatikani.

Kuliendesha kwa majaribio, dalali huchagua lami. Mnunuzi naye achague njia ya kwake, pamoja na kilima, korongo na yale matuta yaliyojengwa na wananchi wenyewe baada ya bodaboda kumgonga mbuzi. Tumbo la sedani hizi liko sentimita kama 15 kutoka ardhini, na vipimo hivyo ni vya gari tupu. Familia ikiingia, zinapungua. Goba na Madale imezoeleka kuona Mark X ikisimama mbele ya tuta, milango minne ikafunguliwa, wakateremka baba mdogo mwenye suti, mashangazi wawili wa kitenge cha sare na mtoto mwenye keki mapajani, wakavuka kwa miguu, gari likavuka nyuma yao kwa mshazari, likiguna, na wote wakapanda tena bila kuangaliana. Tuta linalofuata liko mita arobaini mbele. Wapo wanaotia spesa kwenye springi ili kulinyanyua, na husaidia, ila mwendo ule mwororo uliomfanya mtu anunue Crown hubaki gereji pamoja na springi za zamani.

Nafasi ya ndani hupimwa kwa watu. Viti vya nyuma vimeandikwa watu watatu, lakini haya ni magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na shafti hupita katikati ya sakafu ndani ya nundu. Nundu hiyo ndiyo itifaki ya familia. Mama mkwe hukaa dirishani upande wa kushoto, shangazi dirishani upande wa kulia, na anayekaa katikati, magoti yakigusa kidevu, ni yule asiyeweza kukataa: kwa kawaida binti aliyekuja kusoma. Buti ni kubwa kweli na halina lawama. Lawama ni za Desemba, familia inaporudi kutoka Moshi na mikungu ya ndizi, gunia la maharage na jogoo, kwa sababu nyuma ikididimia taa za mbele humulika vilele vya miti, na magari yote yanayokuja huwasha full kwa hasira.

Kwa hayo yote, mwenye lami hadi getini na kipato kisichotetemeshwa na Jumatano ya Ewura anunue Mark X ya cc 2,500 ya kuanzia mwaka 2009, yenye karatasi ya mnada, na atakaa ndani ya gari bora kuliko bei yake. Asiye na lami anunue kitu kirefu cha miguu, aache majirani waseme. Na yeyote atakayenunua la mkononi, kabla hajatoa hata shilingi ya kishika uchumba, aingize namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani, kisha aende TRA na muuzaji mwenyewe, siyo na dalali, kadi ibadilishwe jina. Faini hufuata namba ya gari, na yule mama mtumishi, kama alikuwepo, alikuwa anakimbiza sana.