Heshima kwa lstrip

Wapo wanaoilaumu lstrip ya Python, eti ukiiagiza iondoe “Bw. ” mwanzoni mwa majina, Bw. Juma anatoka “Juma” ilhali Bw. Bwire anatoka “ire”. Lawama hizi hazina shukrani. Chombo hakikuahidi kuondoa neno. Kinapokea orodha ya watuhumiwa, yaani B, w, nukta na nafasi, kisha kinafagia kila anayefanana nao hadi kikutane na herufi isiyotajwa. Huo ndio ukamilifu wa kazi: msako gani wa polisi wenye hadhi huishia kwa mhalifu mwenyewe bila kupita na ndugu zake? Atauliza mtu, mbona Juma kasalimika? Jina lake linaanza kwa herufi njema. Usawa mbele ya sheria haujawahi kuzuia bahati. Kwamba maelezo rasmi yanatamka wazi kuwa orodha hiyo si kiambishi awali, ni kweli kabisa, na masharti ya mkopo nayo huandikwa wazi. Mwaka 2020 toleo la 3.9 lilileta removeprefix, inayoondoa ulichoomba na kuacha usichoomba: anasa ambayo watangulizi waliishi miaka mingi bila kuihitaji, wakiwemo akina Ire.