Alfa Inauzwa, Karibuni Mtazame

Mtaani Mayfair, Johannesburg, mzee mmoja anauza Alfa Romeo GTV6 ya lita 3, zile zilizoundwa Brits, Afrika Kusini, miaka ya 1980, kabla hata Ulaya haijaionja injini hiyo. Ameitunza kama mwali: jua hailioni, mvua huisikia redioni. Wateja tele, tena mashabiki watupu. Wanainama kusaka kutu chini ya milango, wanafunguliwa boneti, wanasikiliza mngurumo wamefumba macho, wanamaliza sambusa.

“Bei gani, mzee?”

Akiitaja, kila mtu anakumbuka karo ya watoto. Wanaondoka na Toyota zao. Mzee anafunga gereji akipiga mluzi. Wiki ijayo ataipandisha bei, asije akatokea mtu akanunua kweli.