Kiswahili cha Usalama

Kwa sheria ya 1991, Marekani ilianzisha ufadhili wa Boren: mwanafunzi hulipiwa aende, kwa mfano, Tanzania akajifunze Kiswahili, kisha anailipa serikali yake kwa angalau mwaka mmoja wa kazi ya usalama wa taifa. Kwa hesabu hiyo watoto wa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, waliokipata Kiswahili bure sokoni, wangekuwa majenerali zamani. Kumbe usalama unaosomewa ni wa mwenye mfuko. Mbishi atasema fedha ni zao, na lugha yetu inapata heshima. Ni kweli, na wala siwalaumu, wanajua wanachokitaka.

Lawama yangu ni kwa serikali yetu ya Kinshasa, iliyoiweka Kivu Kaskazini chini ya magavana wanajeshi tangu Mei 2021, halafu waasi wa M23 wakaitwaa Rubaya na koltani yake mwaka 2024, na Walikale mjini Machi 2025. Mwishowe ikabidi kuzungumza: mapatano na Rwanda yakatiwa saini Washington mwezi Juni. Mtasema vita haviachi nafasi ya kusomesha mabalozi. Basi nani atakwenda kuzungumza? Waheshimiwa wa Kinshasa, wapeni vijana wa Masisi ufadhili wa kusomea diplomasia. Somo la lugha wamekwisha kulifaulu.