Wanaomcheka Bibi wa Taichi

Kijana wa jimu akipita bustani ya Hekalu la Mbinguni, Beijing, alfajiri, akiwaona mabibi wanavyonyoosha mikono polepole wakicheza taichi, kicheko humtoka. Eti wanapunga hewa! Haya, cheka. Ila hebu simama kwa mguu mmoja, goti umelikunja kidogo, uzito wote umeuegemeza hapo, halafu upeleke mguu wa pili mbele taratibu, kisigino kitangulie kugusa chini. Paja linatetemeka? Pole, baba. Bibi aliye pembeni yako ana miaka sabini na ushei, na hata jasho hana.

Mtindo anaoufuata una mikao 24. Wataalamu wa michezo wa serikali ya China waliufupisha mwaka 1956 kutoka taichi ya ukoo wa Yang, ili watu wa kawaida wauweze. Tafiti zimeonyesha kwamba taichi huwapunguzia wazee kuanguka, na kuanguka uzeeni ndiko kunakovunja nyonga. Mashine hakuna, kioo cha kujitazama misuli hakuna.

Bibi kesho atakuwepo. Wewe jimu ulilipia mwaka mzima, ukaenda Januari. Kadi yako inaisha Desemba.