Diski iko Beni

Watu waliotunga mifumo ya kompyuta hawakuwahi kuishi Butembo. Nilishashuku kitambo, ila sasa ninao ushahidi, na ushahidi wenyewe una jina: /etc/fstab. Ni faili fupi, mistari michache tu. Kila mashine ya Linux inapoamka hulisoma ili ijue diski ipi ipachikwe kwenye folda ipi. Ikilisoma ikakuta kila kitu kipo, maisha yanaendelea. Ikikuta diski moja haipo, basi. Haiulizi imeenda wapi, wala inarudi lini. Inasusa.

Nina sekretaria karibu na Rue d'Ambiance. Kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na benchi la wanafunzi wanaongoja TFC zao, zile kazi za kuhitimu, zichapwe. Shemeji yangu anayo kama hiyo Beni, kilomita 54 kwa barabara ya taifa namba 2. Tunagawana wateja, tunagawana lawama za wateja, na tunagawana diski moja ya nje ya terabaiti 2. Humo mna harusi, matanga, mifano ya barua za kuomba kazi, na TFC za vijana ambao wengine sasa ni wazazi. Diski hiyo haina kwao. Leo iko kwangu, kesho imefungwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya koti la motari wa pikipiki, imepita Maboya, imepita Kabasha, iko Beni inakula joto la kule.

Najua wataalamu watauliza kwa nini tusitumiane kwa intaneti. Watume wao. Wachukue gigabaiti 40 za harusi moja, wanunue megabaiti kwa mfuko wao, halafu waje wanieleze walifika wapi yuniti zilipokatika. Nitawaambia mimi: bwana harusi alikuwa bado anafungwa tai.

Na Linux tuliifuata kwa sababu ya flashi. Kila mwanafunzi anakuja na flashi yake shingoni, na kila flashi imeshapita chuo kizima na saiba zote za mjini. Zamani ukiichomeka, folda zote zinageuka njia za mkato za kwenda pasipojulikana, na mwenye flashi anakuangalia wewe kana kwamba ugonjwa kautoa kwako. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma infomatiki, akasema, "Papa mudogo, tuweke Ubuntu, hayo mavirusi yote itaisha." Kweli yakaisha. Yakaanza mengine.

Kwanza lilikuwa suala la majina. Linux huziita diski kwa zamu ya kujitokeza: ya kwanza sda, ya pili sdb, ya tatu sdc. Mnande yeyote angeelewa mara moja, maana ndivyo tunavyowapa watoto: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, kila mmoja na zamu yake ya kuzaliwa. Tofauti ni kwamba kwetu Kambale akishakuwa wa pili, ni wa pili hadi kaburini. Kwenye mashine, diski iliyokuwa sdb asubuhi, umeme ukikatika na kurudi, jioni imekuwa sdc kwa sababu flashi ya mteja iliwahi kujitokeza. Kwa hiyo kijana akaacha majina ya zamu, akaandika ndani ya fstab ile namba ya utambulisho inayoitwa UUID, ambayo haibadiliki hata diski ichomekwe tundu gani. Akaipachika kwenye folda /mnt/kazi. Akajaribu, ikafunguka. Akala, akaondoka zake.

Jioni diski ikapanda pikipiki. Usiku umeme ukakatika.

Hapo ndipo panapotutenga sisi na hao watunzi. Kompyuta isiyozimika hailisomi upya faili hilo. Huko kwao mashine huwaka miezi, mingine miaka, na diski imefungwa kwa skrubu ndani ya kabati. Kwetu umeme ukikatika ni kuanza upya, na kuanza upya ni kuhesabiwa: nani yupo, nani hayupo. Asubuhi namkuta msaidizi wangu amesimama mbele ya skrini amejishika kiuno.

"Papa, mashini inakatala."

"Inakatala nini?"

"Inakatala kufunguka. Inasema inangojea diski."

"Si uiambie diski iko Beni."

Inangoja sekunde 90. Ndicho kipimo cha subira walichoipa. Sekunde 90, na hapa motari mwenyewe hata mlima hajaanza kuupanda. Baada ya hapo inaandika kwa herufi nyeupe kwenye giza kwamba sasa tuko katika hali ya dharura. Asante sana. Kivu Kaskazini yote iko katika hali ya dharura tangu tarehe 6 Mei 2021, chini ya gavana mwanajeshi, na wala hatukuhitaji kompyuta itukumbushe. Lakini mkoa, pamoja na dharura yake, unafungua duka asubuhi. Masoko yanauza, makasha ya mizigo yanaingia kutoka Kasindi, wanafunzi wanaandika mitihani. Kompyuta yangu peke yake ndiyo iliyoona kwamba bila diski ya harusi za watu hakuna haja ya kuishi. Na mfumo wenyewe haukai kwenye diski hiyo hata kidogo! Uko mzima, ndani ya mashine. Ni kama mtu aliyekataa kuamka kwa sababu sanduku la mgeni halijafika.

Halafu kuna kibodi. Hiyo sitaisamehe. Kibodi zetu ni za Kifaransa, AZERTY, lakini kijana alipoiweka mashine alichagua ya Kiingereza, kisha akaja kurekebisha kwenye dawati tu, pale penye picha na madirisha. Kule kwenye dharura, kwenye giza, mashine bado inaamini kwamba kibodi ni ya Marekani. Ukitaka herufi m, bonyeza alama ya mkato. Ukitaka a, bonyeza q. Ukitaka kistari, bonyeza kifunga mabano. Ukitaka ule mstari wa mshazari ambao kila njia ya Linux huanza nao, bonyeza alama ya mshangao, na hiyo kwa kweli niliibonyeza kwa moyo mweupe. Mzee mzima, miwani puani, natafuta m kwenye alama ya mkato ili niandike mount, na nyuma yangu benchi zima linanishauri kwa sauti.

Kwa simu kijana akasema dawa ni neno moja. Kwenye fstab kila mstari una safu sita: diski, mahali pa kuipachika, aina ya mfumo wa faili, masharti, na tarakimu mbili za mwisho ambazo hakuna mtu aliyewahi kunieleza bila kukohoa. Kwenye safu ya nne, ya masharti, unaongeza nofail. Maana yake: diski ikikosekana, usigome, endelea na kazi. Neno moja! Nikamuuliza kwa nini basi halikuwekwa tangu mwanzo, liwe ndilo desturi, na anayetaka kugomewa ndiye aandike. Akasema ndivyo ilivyo, na kwamba ukishaandika ujaribu kwanza kwa mount -a kabla ya kuzima, ili kosa likutane nawe ukiwa macho. Shauri zuri. Lilikuja na pikipiki ya mwisho.

Nimeambiwa kwamba mambo haya ya kupachika ni ya kale. Mwongozo wa kwanza wa Unix, ule wa Ken Thompson na Dennis Ritchie kule Bell Labs, una tarehe 3 Novemba 1971, na amri ya mount imo tayari. Wiki moja kabla, tarehe 27 Oktoba 1971, Mobutu alikuwa ametubadilishia jina la nchi tukawa Zaire. Sisi jina tulilirudisha mwaka 1997, wao amri yao hawajaigusa. Hata ile ya kuondoa bado wanaiandika umount, n imeanguka njiani zaidi ya miaka 50 iliyopita na hakuna aliyerudi kuiokota.

Basi, tukaweka nofail. Mashine ikaanza kuamka kila siku bila manung'uniko, diski iwepo isiwepo. Nikadhani tumepona.

Kumbe sasa ilikuwa imekuwa mpole kupita kiasi. Mahali pa kupachikia si kitu cha ajabu, ni folda ya kawaida tu iliyo tupu. Diski ikija, inakaa juu yake, na ukifungua /mnt/kazi unaona vilivyomo kwenye diski. Diski ikiondoka, folda inabaki pale pale, jina lile lile, mlango wazi. Ukiweka faili, inapokea. Haikwambii kwamba mwenye nyumba amesafiri. Siku diski ilipokuwa Beni, msaidizi wangu alichapa TFC ya kijana mmoja, sura tatu na majedwali yake, akaihifadhi kwenye /mnt/kazi kama siku zote. Kesho yake diski ikarudi, tukaichomeka, ikapachikwa juu. TFC haipo.

Kijana alikuwa na siku ya kuitetea. Alitafuta kwenye diski, akatafuta kwenye flashi yake, akatafuta kwenye uso wangu. Mama yake akaitwa. Mama akafika, akasalimu vizuri, akaketi kwenye benchi na mkoba magotini, na akawa haongei. Afadhali angepiga kelele. Shemeji kwa simu anaapa kwamba hajafuta kitu. Msaidizi naye anaapa kwamba alihifadhi, na kwamba aliiona kwa macho. Wote walikuwa wanasema kweli, na hicho ndicho kilichoniudhi kuliko yote, maana nilikuwa nimeshajiandaa kumkasirikia mmoja.

Mtoto wa kaka alipofika hakutafuta popote. Aliandika umount, diski ikashuka, akafungua folda ile ile: TFC imelala pale, sura tatu, majedwali yote, haina hata vumbi. Ilikuwa chini muda wote, diski imeikalia. Mama alisimama, akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akauliza, "Na pesa ya kuchapa ni ile ile?" Ni ile ile, mama.

Hapo mtoto wa kaka akanionyesha jambo ambalo nalisifu, na mimi si mwepesi wa kusifu. Diski ikiwa haipo, unaifunga folda tupu kwa chattr +i. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kuandika humo, hata mwenye mashine. Diski ikija inakaa juu bila taabu na kazi inaendelea. Ikiondoka, ukijaribu kuhifadhi, mashine inakukatalia usoni. Mara ya kwanza msaidizi alikuja kulalamika, "Papa, inakatala tena," na nikamjibu kwamba safari hii inakatala kwa akili.

Tungekuwa na amani, kama Beni wangetuachia. Diski ilikuwa ya NTFS, ya Windows. Mteja mmoja wa shemeji akaichomeka kwenye laptop yake, akaichomoa kwa nguvu bila kuaga, na iliporudi kwenye Linux ikawa ya kusomwa tu, kuandika hapana. Shemeji hakusubiri ushauri. Alihamisha kila kitu kwenye mashine yake, akaifomati diski upya kwa ext4, akarudisha kila kitu, kisha akanipigia kwa fahari kunieleza kwamba sasa ni safi. Safi ndiyo. Na UUID ni mpya. Ukiifomati diski, namba ya zamani inakufa nayo. Ile ya NTFS ilikuwa na herufi na tarakimu 16. Hii mpya, pamoja na vistari vyake, ni 36. Mashine yangu inamngojea marehemu.

Diski ingefika baada ya siku mbili, lakini fundi wangu, mtoto wa kaka, alikuwa kwangu siku hiyo na kesho yake alikuwa na masomo. Kwa hiyo nikampigia shemeji asome namba, nami niandike.

"Shemeji, andika blkid, usome polepole."

"Tatu. F."

"F gani?"

"F ya Furu. Saba. A ya Alimbongo. C ya Cantine."

"Endelea."

"D ya Dubai. Tisa. B."

"B ya Butembo."

"B ya Beni."

"Shemeji, ni herufi ile ile."

"Hapana, shemeji. Ni ya Beni. Tangu Goma ichukuliwe na waasi, serikali ya mkoa inakaa wapi? Inakaa hapa. Andika Beni."

Nikamkumbusha nani alimkopesha pesa ya ile fotokopi. Akanikumbusha nani alioa dada ya nani, na kwa mbuzi wangapi waliofika na wangapi walioahidiwa tu. Hatukuwa tumevuka kistari cha pili, yuniti zikaisha.

Mtoto wa kaka alikuwa ameketi juu ya karatasi za fotokopi, anamalizia mkate wangu na chai. Akapangusa mdomo. "Papa mudogo," akasema, "lakini si lazima namba. Ungeweza tu kumwambia aipe diski jina, herufi 16 zinatosha, halafu kwenye fstab tunaandika LABEL na hilo jina, basi."

Nikamuuliza alikuwa anangoja nini kusema.

"Mulikuwa munaongea na shemeji," akasema. "Sikutaka kuwakatiza."