Katika Kuutukuza Mchuruziko wa Maji Moto

Katika mambo yanayolaumiwa majumbani Uingereza bila kupewa nafasi ya kujitetea, hakuna lililodhulumiwa kama mchuruziko wa maji moto, yaani ule mtiririko hafifu unaotoka bombani asubuhi ya baridi wakati mwenye nyumba alitazamia maji ya kumwagika kwa kishindo. Wanaoulaani huuhesabu kuwa maradhi tu, ilhali una nasaba, una elimu, na una uaminifu ambao vifaa vingi vya nyumbani havina.

Uaminifu wake unaeleweka mtu akiijua boila ya kombi, chombo cha gesi ambacho hupasha nyumba joto kwa kuzungusha maji katika rejeta za ukutani na, bomba la maji moto likifunguliwa, huyapasha maji ya bomba hilo papo hapo bila kuwa na tangi la kuyaweka akiba. Kwa kuwa akiba haipo, kila lita hupata joto ikiwa njiani, na hesabu yake haibembelezeki: boila yenye nguvu ya kilowati 24 huweza kupandisha joto la maji kwa nyuzi 35 za Selsiasi kwa kiasi cha takriban lita 10 kwa dakika, hivyo maji yanayoingia wakati wa baridi yakiwa na nyuzi 5 hutoka na nyuzi 40. Anayetaka zaidi ya hapo hana ugomvi na boila, ana ugomvi na maumbile. Mchuruziko ukikomaa kabisa, yaani ukishuka hadi karibu lita 2 kwa dakika, boila nyingi hazitambui kwamba kuna anayehitaji maji, moto hauwaki, na gesi ya kuogea huwa haigharimu chochote, fadhila ambayo hakuna kampuni ya nishati iliyowahi kuitangaza.

Elimu yake ni pana zaidi, kwa sababu humlazimisha mwenye nyumba kuuliza maswali kwa utaratibu. La kwanza ni hali ya maji baridi katika bomba lilelile la jikoni: yakiwa hafifu nayo, boila haina hatia, na uchunguzi uhamie kwenye koki kuu, ambayo aghalabu imefichwa chini ya sinki na pengine haikufunguliwa yote baada ya matengenezo, au kwenye bomba la zamani linaloshirikiwa na majirani, au kwa kampuni ya maji yenyewe, ambayo Uingereza na Wales hutakiwa kudumisha shinikizo la kuyainua maji angalau mita 7. Maji baridi yakiwa na nguvu na moto yakiwa hafifu katika bomba moja tu, kosa li katika bomba hilo, labda kichujio cha mdomoni kilichoziba au mpira wa chini uliojikunja. Yakiwa hafifu kila mahali, ndipo boila inapostahili kushukiwa. Kipimo cha haki ni ndoo na saa: maji ya dakika moja hukusanywa, hupimwa, kisha hulinganishwa na kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha boila. Kwa Mswahili aliyehamia London baada ya miaka mingi ya kuoga kwa ndoo na kopo, hii ni heshima iliyochelewa, kwani ndoo hatimaye imetambuliwa kuwa chombo cha sayansi.

Mchuruziko pia huwaumbua wajuaji. Mjuaji huitazama saa ya presha usoni pa boila, huona mshale uko chini, huongeza maji hadi bari moja na nusu, kisha hushangaa bomba likiendelea kuchuruzika vilevile. Saa hiyo hupima maji yaliyofungiwa katika mzunguko wa rejeta, ambayo hayachanganyiki kamwe na maji ya kuogea, na kuijaza kwa ajili ya bafu ni sawa na kumwagilia shamba la jirani.

Kuhusu nasaba, upande mmoja wa ukoo ni wa kawaida: vali iliyofungwa nusu chini ya boila, au mchanga na kutu katika chujio dogo la maji baridi yanapoingilia. Upande wa pili ni wa kifahari, maana umetoka katika miamba ya chokaa ya kusini-mashariki mwa Uingereza. Maji ya London, yaitwayo magumu kwa sababu yamebeba madini ya kalsiamu yaliyoyeyuka, yakipata moto huyaacha madini hayo kama ukoko mweupe, na ukoko huo hupenda kukaa katika kibadilisha joto, kifaa cha mabamba membamba yaliyobanana ambamo maji ya rejeta huyapa joto maji ya kuogea bila kugusana nayo. Njia hupungua, mtiririko hushuka, na boila huzidi moto ikajizima na kujiwasha, hata anayeoga akapata moto na baridi kwa zamu. Watu wa Glasgow, wanaokunywa maji laini ya ziwa Loch Katrine tangu 1859, wamenyimwa kwa kiasi kikubwa utukufu huu. Tope jeusi la rejeta likiziba upande wa pili wa mabamba, maji hutoka mengi lakini vuguvugu, na hilo ni tatizo la tabaka la chini lisilostahili sifa hapa.

Wapo watakaomwita fundi aliyeandikishwa Gas Safe, orodha ambayo tangu 2009 ndiyo inayowaruhusu mafundi wa gesi kufanya kazi nchini humo, naye ataosha mabamba kwa asidi au kuyabadilisha. Wapenzi wa mchuruziko wasikate tamaa: madini hutengana na maji kwa kasi zaidi kadiri joto linavyopanda, basi na waweke kidhibiti cha maji moto kwenye nyuzi za juu kabisa, kisha wachanganye na baridi bombani.