Simba na Parachichi za Bure

Mbwa wetu Simba hajawahi kukanyaga Soko la Tengeru, lakini msimu wa parachichi ananenepa kuliko wachuuzi. Kazi yake ni kulala chini ya mti. Tunda likidondoka, anasikia. Mwizi akiruka ua, hasikii.

Mzozo aliuleta wifi yangu kutoka Arusha mjini: parachichi ni sumu kwa mbwa! Mama akamtazama Simba alivyonawiri, manyoya yanang'aa, akasema, "Kama ndiyo sumu yenyewe, mwanangu, na mimi nikatieni kipande."

Ikabidi aitwe bwana mifugo. Akaeleza kwamba parachichi lina persini, kemikali inayoweza kuua ndege na kudhuru moyo wa mbuzi, hasa iliyo kwenye majani. Mbwa huistahimili zaidi. Kinachomponza mbwa ni mafuta ya tunda, yanayoweza kuvimbisha kongosho, na kokwa, ambayo ikimezwa huziba utumbo.

"Mbuzi ulisema?" Mama akauliza, akatoka mbio. Muda wote tuliokuwa tukimjadili mbwa, beberu wetu alikuwa amefungwa kwenye mparachichi huo huo, anatafuna majani kwa utulivu wa mzee wa baraza.

Beberu akahamishiwa migombani, bwana mifugo akaendelea. Ndizi mbivu iliyomenywa, ruksa, kidogo kidogo. Papai na tikiti, ruksa, mbegu zikitolewa. Embe, ruksa bila kokwa. Simba, ambaye juzi alikula kandambili ya shemeji, alipewa papai, akalinusa, akageuza uso.

Hapo ndipo mjomba alipoingia na boksi la zabibu kutoka Dodoma. Watoto, ambao hawagawiani hata karanga, wakamkimbilia Simba na kishada kizima.

"Hiyo hapana!" bwana mifugo akaruka. Zabibu, mbichi au kavu, hata chache, zinaweza kuua figo za mbwa. Tangu 2021 wataalamu wanaishuku asidi ya tartariki, ambayo imo pia kwenye ukwaju. Mbwa akizila, msingoje augue wala msimnyweshe maziwa; mkimbizeni kwa daktari wa mifugo atapishwe.

Mama akalinyakua boksi, akaingia nalo chumbani na mjomba, na mlango ukafungwa. Boksi lilitoka tupu. Watoto walipoangua kilio, Mama akawajibu huku akifuta mdomo kwamba usalama wa mbwa hauna mchezo.